Mwenye Gari Azungushe Mwenyewe

Fundi alikuwa na sheria moja iliyomfukuzia wateja, na hakujali hata kidogo. Ukimpelekea gari la petroli la zamani ili akuwekee taimingi, hendeli hakuigusa. Alikupa wewe. Hata uwe umevaa suti, hata uwe mtu mzito mjini, ulivua koti, ukainama mbele ya gari lako na kuizungusha injini kwa mkono, huku yeye amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anapuliza chai yake. "Mwenye gari azungushe mwenyewe," alisema, na hapo mazungumzo yaliisha. Nilimwona mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi akikasirika mpaka akaagiza gari lake livutwe kwa kamba hadi kwa fundi mwingine. Baada ya siku chache lilirudi kwa kamba ileile. Fundi hakumcheka. Alimpa hendeli.

Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa atanuna, na Fundi akinuna jua linazama hajasema neno. Nitamwita Fundi, kama nilivyomwita miaka yote. Kijiwe chake kilikuwa hapa Kambarage, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa hiyo kila alichomiliki kilikuwa na vumbi la unga juu ya grisi. Spana zake zilikuwa nyeupe. Akikushika mkono unaondoka umepakwa rangi mbili, na ukilalamika anakuuliza kama ulikuja kutengeneza gari au kuposwa.

Wanaoendesha magari ya siku hizi hawajui shida hii ya taimingi ninayoizungumzia, kwa hiyo niieleze kidogo. Gari la namna hiyo linawaka vizuri pale tu cheche ya plagi inapofika kwa wakati wake, pistoni ikiwa juu na petroli imebanwa sawasawa. Cheche ikiwahi, hendeli inakupiga teke la kuvunja mkono. Ikichelewa, gari linakohoa na halina nguvu ya kupanda hata tuta. Sasa, pistoni inapanda juu mara mbili kabla ya kukamilisha kazi yake. Safari moja inabana petroli, safari nyingine inasukuma moshi nje. Ukitazama alama ya kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, safari zote mbili zinafanana kabisa. Ukiweka taimingi kwenye safari ya moshi, gari halitawaka mpaka kiama, litatema moto kwenye kabureta tu na wewe utasema injini imekufa.

Dawa ya Fundi ilikuwa pamba. Msimu wa mavuno, malori yanayotoka Kishapu hudondosha pamba njia nzima, na yeye alikuwa akiiokota pembeni mwa barabara na kuijaza kwenye mfuko wa sukari. Alikuambia ufungue plagi ya kwanza, usokote kipande cha pamba mbichi, ukishindilie taratibu kwenye lile tundu, halafu uzungushe. Pistoni ikipanda kwa safari ya moshi, pamba inakaa palepale. Ikipanda kwa safari ya kubana, pamba inaruka. Hapo ndipo unaanza kutafuta alama, polepole, kwa upana wa ukucha. Ukimwambia umeona, anakukatiza. "Sijakuuliza umeona nini. Nimekuuliza pamba imetoka?"

Hakujua kuendesha gari. Najua watu hawaniamini nikisema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo, mtu aliyefufua nusu ya magari ya mkoa huu alitembea kwa baiskeli. Niliwahi kumwuliza sababu, akasema yeye anajua mambo mengi mno yanayoweza kuharibika. Nilipombeba kwenda machimboni alipanda nyuma, hakukaa mbele na mimi, na alipakia baiskeli yake ili gari likifa njiani yeye aendelee na safari. Gari lenyewe alikuwa amelitengeneza yeye. Nilicheka mpaka nikakaribia kuingia mtaroni, naye akanigongea bodi kwa nyuma, mara moja, kunikumbusha barabara.

Safari hiyo tulikuwa tunakwenda upande wa Kharumwa, kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji, lililojaa maji. Wachimbaji walikuwa wamekaa bila kazi kwa sababu pampu yao, iliyofungwa injini ya gari la zamani, ilikataa kuwaka. Tulipofika tukamkuta mganga yuko kazini, anaizunguka ile injini na usinga wake, na mwenye duara amesimama kando kwa unyenyekevu. Nilidhani Fundi atabeza. Alivua kofia, akakaa chini, akangoja mpaka mzee wa watu amalize mambo yake yote na kukusanya vitu vyake. Kisha akamwita mwenye duara na kumpa hendeli. Yule bwana alizungusha, pamba ikatoka, wakapanga nyaya, pampu ikaunguruma na maji yakaanza kutoka. Watu wote walikimbia kumpongeza mganga. Njiani nilimwuliza Fundi kama haikumuuma. Akasema kwamba mtu asingekuwa na imani asingezungusha kwa nguvu vile, kwa hiyo yeye na mganga wote wawili walikuwa wamefanya kazi.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa mchoyo wa vifaa kupita maelezo. Ukimwomba spana ya kumi na tatu atakuuliza unaitaka ya nini, utaitumia wapi, na kwa nini huna ya kwako. Nesi mmoja aliharibikiwa na gari mbele ya kijiwe chake asubuhi akienda kazini, na Fundi akamsema kwa kutokagua maji, kwa kutokagua mafuta, kwa kununua gari kwa rangi yake, akamsema mpaka machozi yakamlengalenga. Wakati anasema hivyo mikono yake ilikuwa inafungua koili kwenye gari la mteja mwingine na kuifunga kwenye gari la nesi. Yule mteja mwingine alipofika, alisemwa pia.

Kwangu alikuwa na mzaha wake. Mpangilio wa cheche kwenye injini yangu ni moja, tatu, nne, mbili, na mimi nina watoto wanne. Basi Fundi akija nyumbani aliwasalimia kwa mpangilio huo. Alianza na Kabula, mkubwa, akaruka kwa wa tatu, akamwendea kitindamimba, na mwisho kabisa akamrudia Masanja, wa pili. Karanga aligawa hivyohivyo. Masanja alilalamika kila mara, na kila mara alijibiwa kwamba akibadilishiwa zamu nyumba nzima itazimika. Leo Masanja ni mtu mzima, ana ndevu, na bado tukikaa mezani anasubiri wengine wachukue nyama kwanza. Nikimwangalia nacheka, na moyoni nashukuru.

Nashukuru kwa sababu bila Fundi sijui meza hiyo ingekuwa wapi.

Mume wangu aliugua kwa muda mrefu, na alipofariki aliacha watoto, nyumba ya vyumba viwili na landrova ya petroli iliyosimama uani bila kuwaka. Landrova hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Alikuwa akibeba pamba kutoka Kishapu wakati wa msimu, na msimu ukiisha anabeba maji na magogo kupeleka machimboni. Mimi nilijua kuiendesha, maana alinifundisha mwenyewe, lakini chini ya boneti sikuwahi kutia mkono. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akimuuguza pamoja nami, akasema gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu fundi mwenyewe alishasema mbele yake kwamba injini imekufa. Nami nirudi kwetu na watoto wagawanywe kwa baba zao wadogo, kwa kuwa mwanamke asiye na shughuli hawezi kulisha vinywa vinne.

Simlaumu sana shemeji. Aliongea kama watu wanavyoongea. Lakini niliposikia neno hilo, wagawanywe, nilimvuta kitindamimba nikampakata. Baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, alifikiri, akasema kesho yake tukae tena. Kama gari litakuwa linatembea, libaki na mama wa watoto, na watoto wabaki na mama yao. Kama halitembei, ifanywe kama shemeji alivyosema. Alidhani amenipa nafasi. Mimi nilijua amenipa siku moja ya kulia.

Mchana huo Fundi alikuja. Nilimjua kwa sura tu, kama mtu wa kijiwe cha nyuma ya mashine. Aliegesha baiskeli, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akiniita mama, akanipa pole ya msiba kwa maneno machache, akauliza gari liko wapi kana kwamba halionekani. Sikumuuliza nani kamtuma. Mtu akiwa msibani haulizi anayekuja kwa nini amekuja. Nilimwonyesha, naye akatafuta debe, akalipindua, akakaa.

Nilingoja aanze kazi. Akanyoosha mkono na hendeli.

Nilimwambia siwezi, mimi mwanamke nimetoka kuzika, sina nguvu hata ya kusonga ugali. Akasema ataniambia la kufanya, lakini mkono uwe wangu. Nilimchukia papo hapo. Nilifungua plagi moja moja, vidole vikiteleza, nikachana pamba kwenye mto wa marehemu kwa sababu siku hiyo hakuja na mfuko wake, nikaishindilia nilipoelekezwa. Nikaingiza hendeli, nikazungusha. Injini ilikuwa nzito, halafu ikakubali. Alama ya puli ikaja, ikafika kwenye ncha yake, nikasimama nikasema imefika.

"Pamba?"

Pamba ilikuwa imekaa palepale.

"Huo ni moshi. Zungusha tena."

Nikazungusha tena, sasa kwa hasira, na nilipokaribia nikasikia mlio mdogo kama mtu aliyetema kokwa, na kipande cha pamba kikaruka kikanigonga kifuani. Nilipiga ukelele. Shemeji akatoka ndani kuangalia, akatikisa kichwa, akarudi. Fundi akaniambia nisogeze taratibu mpaka kwenye alama, nifungue kifuniko cha distributa inayogawa cheche, nimwambie rota inayozunguka ndani yake inaangalia wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akainuka kwenye debe, akaja, akainama na kuitazama ile rota kwa muda mrefu sana. Sikuelewa anatazama nini. Nilidhani anasali. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba nyaya za plagi zimeanzia upande usio wake, zote nne, na injini haina ubaya wowote.

Nilizihamisha mwenyewe, moja, tatu, nne, mbili, yeye akitamka na mimi nikichomeka. Akanionyesha jinsi ya kubana karatasi laini ya pakiti ya sigara katikati ya platini, vile vyuma viwili vinavyofunguka kutoa cheche, na kuivuta polepole huku naisogeza distributa, mpaka pale karatasi inapoachia. Hapo ndipo nikakaza. Nikarudisha plagi, nikamwagia petroli kidogo, nikaingia garini na kukanyaga stata. Landrova ilikohoa mara moja, ikawaka. Ilitetemesha uwanja mzima. Mkwe wangu, mama wa marehemu, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu. Nililia mbele ya watu wote na sikujificha. Nilipogeuka kumshukuru Fundi, alikuwa ameshapanda baiskeli yake.

Kesho yake sikusubiri kikao. Niliwapakia wazee wenyewe garini, nikawazungusha mpaka stendi na kurudi, na baba mkubwa aliposhuka alisema jambo limekwisha. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenisaidia kutafuta mzigo wa kwanza.

Tangu hapo taimingi ya landrova yangu sijawahi kumpa mtu. Nimeizungusha mvuani, nimeizungusha nikiwa na kichefuchefu cha malaria, nimeizungusha Mhunze sokoni watu wakinitazama kama sinema. Watoto walisoma kwa gari hilo. Kabula ana cherehani zake, Masanja anafundisha. Na kila nilipojaribu kumwambia Fundi asante, alikimbia. Nikimpelekea kuku, atasema kuku ana mafua. Nikimwambia wabeja, kwa Kisukuma, ili imwingie vizuri, ataniuliza kama nimekagua mafuta ya gia. Mara moja nilimshukuru kanisani, mbele ya waumini, na yeye akaondoka kabla ya sadaka na hakurudi Jumapili mbili. Nilidhani ni aibu ya watu wa namna yake. Ilinichekesha, lakini kuna siku iliniuma, kwa sababu shukrani isiyopokewa inakaa kifuani na kuchachuka.

Magari ya platini yalipungua, wateja wakapungua, na kifua kikaanza kumsumbua kwa sababu ya unga na moshi. Bintiye aliyeolewa Kharumwa akaja kumchukua. Aliondoka bila kuaga, kama nilivyotarajia.

Kiangazi kilichopita nilipeleka mzigo wa mabomba Kharumwa, nikaulizia, nikaelekezwa. Nilimkuta amekaa barazani kwa bintiye, shati safi, mikono safi, na ule usafi wa mikono ndio ulionishtua. Amekonda. Nikapiga goti. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mayu. Umekuja na lile?"

Nikamwambia nimekuja nalo, liko pale barabarani. Alisema amelisikia kabla sijakata kona, na kwamba cheche iko mbele kidogo, niirudishe. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nikae, kuna neno.

Alizungumza polepole kwa sababu ya kifua. Alisema yule fundi aliyesema injini imekufa alikuwa yeye. Ndipo nikaelewa kwa nini shemeji alitikisa kichwa alipomwona uani. Mume wangu alimwita siku moja nilipokuwa nimekwenda hospitali kufuata dawa. Alitaka kulisikia gari lake likiwaka. Walikuwa wamemtoa nje kwenye kiti, amefunikwa shuka, na Fundi alimfahamu tangu angali na nguvu za kubeba gunia begani, akashindwa kumtazama. Alitaka kumaliza upesi aondoke. Akazungusha mwenyewe, akaangalia alama kwa macho, akapanga nyaya, gari likatema moto kwenye kabureta. Akajaribu tena, likatema tena. Akasema injini imekwisha, akafunga vifaa, akaenda.

"Nilimwambia uongo mtu anayekufa," alisema. "Sikujua kama ni uongo, lakini sikuhakikisha pia. Baadaye nikasikia pale mashineni kwamba gari linauzwa chakavu na watoto wanagawanywa, kwa neno langu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile alipokuja.

"Niliogopa ungenifukuza kabla hujazungusha. Halafu likawaka, nikaogopa zaidi. Na tangu siku ile ya mumeo sijashika hendeli ya mtu."

Sitasema uongo, nilikasirika. Hasira ilipanda mpaka masikioni. Niliwaza jinsi nilivyowasikiliza wale wazee wakipanga kunichukulia watoto, niliwaza kuku niliowabeba miaka yote hiyo kumpelekea mtu huyu. Niliinuka, nikaenda mpaka kwenye ukingo wa baraza, nikasimama nikilitazama gari langu barabarani na watoto wa jirani wakiligusa taa. Bintiye alileta chai, akaona sura zetu, akaiweka chini akarudi ndani.

Na nikiwa nimesimama pale nikakumbuka jioni ya siku ileile. Nilirudi na dawa nikamkuta mume wangu amerudishwa kitandani, anahema. Akaniambia fundi amekuja, gari limekataa. Nikamwambia asijali. Akasema hajali. Kisha akasema maneno ambayo niliyachukulia kuwa ya homa, kwa sababu siku hizo alisema mengi, nami sikujua hata anamzungumzia fundi gani.

Nikarudi, nikakaa karibu naye kuliko mwanzo. Nikamwambia mume wangu hakufa akiamini lile neno. Nilimweleza alichosema jioni ile, vilevile alivyosema: "Fundi leo kachemka, macho yake hayakuwa kwenye kazi. Mwache. Akipoa atarudi."

Fundi alinitazama. Akakohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Alisema nitarudi?"

"Alisema utarudi. Na ulirudi, Fundi. Wabeja."

Safari hii hakuwa na baiskeli ya kukimbilia, wala hakuniuliza habari za mafuta ya gia. Aliniomba nimwambie tena alivyosema mume wangu, nikamwambia tena.